Ndoa Si Dawa ya Unga: Tunayoulizwa na Maharusi kwa Sauti ya Chini



Wengi mnatujua kwa hina na piko. Sisi ni dada wawili, tunapamba maharusi hapa Unguja, na tumezoea kukuandikieni habari za singo, udi, nguo za harusi na adabu za nyumba. Leo tunaandika jambo ambalo bi harusi hutuuliza mama yake akishatoka chumbani. Hina inataka mtu atulie saa nyingi, na mtu aliyekaa saa nyingi mikono kainyoosha husema mengi. Mmoja anauliza kama kweli mwanamme akioa ataacha unga. Mwengine anauliza kama anaweza kuendelea kumeza vidonge vyake vya sonona bila ya mume kujua. Wa tatu hasemi kitu, ila halali, hali, machozi yanamtoka bila sababu, na kila anayeingia anamwambia ni wasiwasi wa harusi tu, utapita.

Sisi si madaktari. Tulichonacho ni miaka minane ya kuishi na kaka yetu aliyekuwa akitumia unga na ambaye leo yumo katika tiba. Ametupa ruhusa tuandike, kwa sharti tusitaje jina lake wala mtaa. Neno letu ni moja: tiba ipo, ipo hapa hapa visiwani, na mara nyingi anayeushikilia mlango wake ni mwanamke wa nyumba. Ni mama, dada, mke au shangazi anayeamua kama jambo litasemwa au litafichwa.

Tiba iko wapi

Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu iko hapa mjini Unguja. Kila mtu anaijua, na ndiyo shida yenyewe. Jina lake limegeuka tusi. Mtoto akikorofisha anaambiwa atapelekwa Kidongo Chekundu, na watu wazima wakitaniana wanaulizana wametoroka lini huko. Tusi kama hilo linafunga mlango kuliko kufuli. Tumewaona wanawake wanaoteremka kituo cha mbele wakarudi kwa miguu, ili wenzao ndani ya daladala wasijue wanakokwenda.

Hapo hapo Kidongo Chekundu, tangu mwaka 2015, inatolewa methadoni kwa watu wanaotumia heroini, yaani unga. Tanzania Bara ilitangulia mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watu wengi wanaisikia methadoni na kudhani ni unga mwengine wa serikali. Hata mama yetu alisema hivyo mwanzo. Basi tukuelezeni jinsi tulivyoelezwa na tulivyoona wenyewe.

Unga unampandisha mtu haraka na kumshusha haraka. Baada ya saa chache tu arosto inaanza: miayo, kamasi, mifupa kuuma, tumbo kukata, jasho na baridi pamoja. Mtu wa namna hiyo hatafuti starehe tena, anatafuta kete ya kumtoa kwenye maumivu. Ndipo vitu vya nyumbani vinapopotea, simu, mitungi ya gesi, mpaka kanga za mama. Methadoni inafanya kazi polepole na inakaa mwilini siku nzima. Kipimo kikishakaa sawa, mtu halewi wala hapati arosto. Anapata nafasi ya kula, kulala, kusali na kufanya kazi. Inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, Ijumaa na sikukuu pia. Wiki za mwanzo kipimo hupandishwa kidogo kidogo, kwa hiyo asiyeona nafuu siku ya tatu asikate tamaa. Na haiachwi ghafla. Inapunguzwa na daktari, taratibu, wakati ukifika.

Kaka yetu hajawahi kulipia dawa yenyewe. Kinachogharimu ni njia. Anayeishi mjini anakwenda na kurudi kabla ya kufungua duka. Anayeishi Nungwi au Makunduchi anapanda daladala kila siku iendayo kwa Mungu, nauli ya kwenda na ya kurudi, na mwajiri anataka kujua kwa nini anachelewa. Wengine huacha tiba kwa nauli tu. Kwa hiyo ikiwa una ndugu kwenye methadoni na unataka kumsaidia, usimpe nasaha ndefu. Mpe nauli, na kama unahofia pesa taslimu mkononi mwake, mtafutie mtu wa gari au bodaboda umlipe mwenyewe.

Mlango wa pili ni soba hausi. Ya kwanza hapa Zanzibar ilifunguliwa mwaka 2009, na walioifungua ni watu waliowahi kutumia wenyewe. Mtu anaishi humo miezi kadhaa bila ya dawa za kulevya, na wenziwe wanaojua uongo wote wa mtumiaji kwa sababu na wao waliusema. Wanaamka kwa wakati, wanasali, wanapika kwa zamu, wanakaa vikao, wanafuata hatua 12. Familia hulipa ada ya mwezi. Wapo waliopona huko, leo ni baba za watu na maimamu wa nyumba zao.

Lakini si kila nyumba yenye kibao ni nyumba ya tiba. Kabla ya methadoni, wazee wetu walimpeleka kaka sehemu moja ambayo hatutaitaja. Alifungiwa chumbani na wenziwe, hakukuwa na muuguzi, na kila tulipouliza tuliambiwa tutaharibu tiba. Alitoka baada ya wiki tano, amekonda lakini msafi. Siku ya nne akatumia kipimo kile kile alichokizoea zamani. Tulimkuta anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi. Allah alimjaalia uhai, gari ya jirani ilikuwepo na hospitali haikuwa mbali. Baadaye daktari alitueleza jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: mtu aliyekaa wiki kadhaa bila ya unga mwili wake umeshasahau, na kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Siku za mwanzo baada ya kutoka soba hausi au jela ndizo za hatari zaidi, wakati nyumbani watu wanashangilia.

"Muozeni, atatulia"

Sentensi hii tumeisikia kwenye nyumba za matajiri na za maskini. Kijana ana unga, au ana maradhi ya akili na ameacha dawa, na wazee wanaona akipata mke atapata majukumu, na majukumu yatamtuliza. Binti wa watu anatafutwa kutoka mbali kidogo, shamba au Pemba au ng'ambo, ambako habari haijafika. Mahari inalipwa upesi. Sisi tunaitwa kupaka hina.

Shoga zetu, uraibu ni maradhi. Mke hatibu malaria kwa tabia njema, na hawezi kuutibu unga kwa upole, kwa kupika vizuri wala kwa kujifukiza udi. Tunayoyajua ni haya: dhahabu zinauzwa ndani ya miezi ya mwanzo, bi harusi anaambiwa asitoe siri za mumewe, na inapovunjika anaulizwa yeye alimfanya nini mtoto wa watu.

Baadhi ya mama huogopa kusema ukweli wa mwana wao kwa kuona ni kusengenya. Hapa tunayo hadithi inayojulikana, katika Sahihi Muslim, ya bibi Fatima bint Qays. Alipoposwa na watu wawili alikwenda kwa Mtume (SAW) kutaka shauri, naye akamwambia waziwazi hali ya kila mmoja, huyu hana mali na yule ni mkali kwa wake, kisha akamshauri aolewe na Usama. Wanavyuoni wamechukua hapo kwamba anayeulizwa kuhusu mposaji aseme anachokijua kwa kadiri ya haja. Kumlinda binti wa mwenzio si kusengenya.

Jambo hili limetufikia na sisi. Kaka yetu yumo mwaka wa tatu wa methadoni, ana kazi, na mwaka jana alitaka kuoa. Wazee walisema tupeleke posa kimya kimya, habari zake watazijua mbele ya safari. Sisi wawili tulisema haiendi posa mpaka upande wa pili wajue. Mama alilia. Alisema tunamvunjia ndugu yetu kwa mikono yetu. Aliyelimaliza jambo ni kaka mwenyewe. Alimwambia mshenga aseme yote: unga, miaka mingapi, dawa anayokunywa, na kwamba ataendelea kuinywa.

Baba wa binti akajibu kwa adabu kuwa hawakuridhia.

Usiku ule hakuna aliyelala kwetu. Tulikuwa tunasikiliza kama mlango wa mbele utafunguka, kwa sababu huzuni ya namna ile zamani ilikuwa inamtoa kwenda maskani. Alfajiri alikwenda msikitini, akarudi akanywa chai, akatoka kwenda kunywa dawa yake kama kila siku. Alituambia, "Bora niambiwe hapana leo kuliko nifukuzwe nikiwa na mtoto."

Wiki chache baadaye mama wa yule binti alikuja kwetu. Hakuja kwa habari ya posa. Alisema anataka hina, akakaa, kisha akauliza kijana wake mdogo ampeleke wapi, saa ngapi, na amwone nani. Alikuwa na mgonjwa ndani miaka miwili na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Ukweli ulioturudishia posa ndio uliomletea yeye njia. Ametukubalia tuliseme hili.

Na mgonjwa akiwa ni mwanamke?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu dawa za kulevya duniani inasema katika kila wanaume 7 wenye maradhi ya utumiaji wa dawa hizo, mmoja hupata tiba. Kwa wanawake ni mmoja katika kila 18. Hatukushangaa. Mwanamme akitumia unga anaitwa teja na anatafutiwa tiba. Mwanamke akitumia anaitwa jina lengine, na familia inamficha au inamfukuza. Akitaka tiba anajiuliza nani atabaki na watoto, nani atampa nauli, na atakaaje kwenye foleni iliyojaa wanaume.

Akiwa mjamzito ndiyo hofu inazidi, na wengine huamua kuacha unga ghafla peke yao chumbani. Tafadhali asifanye hivyo. Arosto kali inaweza kumdhuru yeye na mtoto tumboni. Mjamzito anayetumia heroini anastahiki methadoni chini ya uangalizi wa daktari, na hiyo ni salama zaidi kwake kuliko kujikata mwenyewe. Mwambie mkunga wa kliniki, naye atamwelekeza.

Kisha kuna maradhi yasiyo na unga wala pombe ndani yake. Tumewapamba maharusi tukaitwa tena mwaka wa pili kuwapaka hina ya arobaini, tukakuta mtu mwengine kabisa. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, hana raha ya mtoto, hali, halali hata mtoto akilala, anajiona mama mbaya na bora afe, hiyo ni sonona na ina tiba. Na akianza kusikia sauti, kushuku watu, kusema mambo yasiyoeleweka na kukesha siku mbili tatu, hicho ndicho kinachoitwa kichaa cha mimba. Hapo usingoje arobaini iishe wala mganga arudi safari. Ni dharura, mpeleke hospitali siku ile ile, na asiachwe peke yake na mtoto.

Kwa yule bi harusi aliyetuuliza kuhusu vidonge vyake: usiviache kwa sababu ya harusi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na zikikatwa ghafla maradhi hurudi, pengine katikati ya fungate. Zungumza na daktari kuhusu mimba kabla ya ndoa, kwa sababu dawa nyengine hubadilishwa. Na mwambie mchumba kabla ya nikaha. Anayekukataa kwa vidonge viwili vya usiku amekuepusha na mengi.

Dua na dawa

Tunaambiwa, "Huyu hana imani, angesoma angepona." Sisi tunasoma. Mama yetu anamsomea kaka kila baada ya Magharibi, na kombe amekunywa. Hatuoni mgongano. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na bibi Aisha alikuwa akiamrisha itengenezwe talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa alivyosikia kuwa unautuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Huzuni ilipewa chakula chake. Haikuitwa upungufu wa imani.

Wanavyuoni wetu waliliona hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima cha afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na ndani yake akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu, akasema hii ya pili ina mizizi katika mwili. Hospitali ya Sultan Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Basi anayempeleka nduguye kwa daktari wa akili hajaiga uzungu.

Tunachokataa ni mgonjwa kufungwa kamba, kupigwa ili "litoke", kufukizwa mpaka azimie, au kuambiwa atupe dawa za hospitali. Shehe mwenye elimu hamkatazi mtu daktari.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Mama mwenye binti anayeposwa: uliza. Ulizia msikitini, kazini na mtaani kwao, na muulize kijana mwenyewe kama ametumia, lini aliacha na nani anamtibu. Aliye kwenye tiba na akasema ni wa kuaminika kuliko anayekasirika kwa kuulizwa. Pimaneni nyote wawili VVU na homa ya ini B na C, kwani sindano za unga huambukiza yote matatu.

Unapotafuta soba hausi: uliza kama imesajiliwa, muuguzi anakuja lini, familia inaruhusiwa kumwona mgonjwa, na mpango wa baada ya kutoka ni upi. Wakijibu kwa hasira, ondoka.

Mwenye ndugu anayekunywa pombe kila siku au kumeza valiamu kwa wingi: usimfungie ndani aache mara moja. Anaweza kupata degedege na kufa. Aachishwe hospitali.

Aliye kwenye methadoni asichanganye na pombe wala valiamu, pumzi inaweza kusimama. Ramadhani ikikaribia, aulize kituoni mapema kuhusu saa za kunywa dawa, na amuulize shehe anayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Asiiache kwa kuona anafunga.

Na usipojua pa kuanzia, anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Sema kwa maneno ya kawaida: halali, anasikia sauti, anatumia unga. Nenda naye, shuka kituo kile kile cha hospitali, na kama unaona haya vaa nikabu. Mficha uchi hazai.

Ee Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wanaoonekana na waliofichwa, wape mama zao nguvu ya kusema, na wajaalie maharusi wetu waingie katika nyumba za ukweli. Amin.